Upinde wa baba mkwe umelia "tik": niutengeneze au niutundike ukutani?

Fundi, habari ya kazi?

Nimesoma majibu yako kuhusu cherehani, baiskeli na mifereji inayovuja, wala sikudhani siku moja nitakuandikia kuhusu upinde. Marehemu baba mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwa familia moja kule Karen, na walipohama nchini walimwachia vitu kadhaa, upinde huu ukiwamo. Aliutundika kwenye msumari nyumbani kwake Machakos, nasi sote tukauzoea kama pambo la sebuleni. Baada ya matanga, vitu vilipogawanywa, upinde ulikuja kwetu Buruburu. Binti yangu Neema ana miaka 14, amejiunga na klabu ya kulenga shabaha shuleni, na tangu hapo hanipi usingizi: anautaka upinde wa babu yake.

Kwa macho ni kitu kizuri. Ni kipande kimoja, ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, na kwenye kishikio cha mbao nyeusi kumetiwa kisahani cha shaba chenye picha ya dubu. Umeandikwa kwa mkono 60" na 45#, kisha jina Bear na Grayling, Michigan. Kuna pia maandishi madogo yanayotaja Kanada na 1953, kwa hiyo nadhani huo ndio mwaka uliotengenezwa.

Sasa shida. Sehemu inayong'aa ya mikono yote miwili ya upinde, yaani pande mbili zinazopinda, ina mistari mingi myembamba sana. Mkono wa chini, karibu na ncha, una kibanzi pembeni, urefu wa njiti ya kiberiti, kinachonasa nguo. Ncha ya juu ina kijipande kilichobandikwa juu yake ambacho kimeinuka. Ukucha wangu unaingia chini yake. Halafu ukiutazama kwa urefu, mkono wa chini unaonekana umepotoka kidogo.

Jumamosi iliyopita kaka yake Neema aliufunga kamba ya nailoni, akauvuta mpaka karibu na shavu, akaachia. Hakukuwa na mshale. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia "tik". Tumeutazama wote, hatuoni palipovunjika.

Shemeji yangu anasema mambo haya ni mepesi: tuupashe moto juu ya jiko la makaa, tuunyooshe, tuupake mafuta ya mbuzi, kama alivyokuwa akifanya babu yake Kitui. Anatania kwamba ukipona atakwenda nao Ukambani kutafuta digidigi. Seremala wa hapa mtaani naye anataka kumimina gundi nyeupe ya mbao kwenye ile ncha kisha apigilie misumari miwili midogo. Nimewakatalia wote wawili, nikauficha nyuma ya kabati. Je, unatengenezeka, au niutundike tu? Na Neema anaweza kuutumia?

Mama Neema, Buruburu

*

Mama Neema, poleni sana kwa msiba. Umefanya vyema kuuficha. Uache huko huko, ila hakikisha umelazwa. Usiusimamishe kwenye kona ukaegemea ncha moja. Ile kamba ya nailoni itoe leo hii, taratibu, bila kuikata ikiwa imekazwa. Seremala mtafutie kazi nyingine: msumari unautoboa mkono mahali unapobeba nguvu, na gundi nyeupe ya mbao haishiki faibaglasi.

Upinde huo haukutengenezwa mwaka 1953. Maandishi yale yanataja hataza, haki ya ubunifu iliyosajiliwa Kanada mwaka huo, na kampuni ya Fred Bear iliendelea kuyachapa kwenye pinde zake kwa miaka mingi baadaye. Kosa hilo hufanywa na watu wengi, hata wauzaji. Kinachokusaidia ni jina la Grayling, kwa sababu kiwanda kilikuwa huko Michigan hadi 1978 kilipohamia Gainesville, Florida. Pia kipapase kile kisahani. Kikiwa kimelala sawasawa na mbao, bila kuinuka, kwa kawaida upinde ni wa kabla ya 1973. Ikiwa hivyo, una mikononi upinde wa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa miaka ya 1970. Umepita nusu karne, na gundi iliyo ndani yake ina umri huo huo.

Gundi ndiyo habari yenyewe. Mikono ya upinde huo si mti mmoja. Katikati kuna mbao nyembamba. Mgongoni, upande unaotazama shabaha, na tumboni, upande unaomtazama mpigaji, kumebandikwa tabaka la faibaglasi ambalo nyuzi zake zote zinakwenda kwa urefu, kutoka kishikioni hadi nchani. Ukivuta, tabaka la mgongoni linatanuliwa na la tumboni linabanwa, na gundi ndiyo inayoyazuia yasiteleze. Ukielewa hilo, kila alama utakayoiona utajua kuipima: imefuata nyuzi au imezikata? Iko juu juu au imefika kwenye gundi?

Sasa tuje kwenye hiyo "tik", maana ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Mshale ndio unaoichukua nguvu ya upinde na kuondoka nayo. Ukiachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mikono, ncha na kamba. Pinde nyingi zimekufa hivyo, tena mikononi mwa watu waliokuwa wakicheza tu. Sauti uliyoisikia ingeweza kutoka mahali patatu. Huenda kamba ya nailoni iliruka kwenye mkato wa ncha. Huenda ni kile kijipande cha ncha ya juu kilichoinuka. Au gundi imeachia katikati ya mkono. Mbili za kwanza ni nafuu. Ya tatu ndiyo inayoupeleka upinde ukutani, na haionekani kwa kuutazama juu juu mchana. Usinunue gundi yoyote kabla hujajua ni ipi kati ya hizo.

Ufute upinde kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya vyombo, uukaushe vizuri. Ngoja usiku. Zima taa, washa tochi ya simu, na uilaze ili mwanga upite juu ya mkono kutoka ubavuni badala ya kuupiga moja kwa moja. Nyufa na vibanzi vitatoa vivuli. Chukua pamba, uipitishe taratibu kwenye kingo zote, kisha mgongoni na tumboni. Inaponasa, weka alama kwa penseli. Usitumie kidole. Kibanzi cha faibaglasi kikishaingia kwenye ngozi hakionekani, na utakitafuta wiki nzima.

Baada ya hapo chukua sarafu ya shilingi tano, ugonge polepole kuanzia kishikioni kuelekea nchani, hatua ndogo ndogo. Sauti itabadilika kadiri mkono unavyozidi kuwa mwembamba, na hiyo ni kawaida. Unachokitafuta ni mahali sauti inapofifia ghafla, ikawa nzito na isiyo na mlio, kisha ikarudi ilivyokuwa. Ukipata mahali hivyo, gonga sehemu iyo hiyo kwenye mkono wa pili ulinganishe. Masikio ya Neema yatakuwa makali kuliko yako na yangu, mwite asaidie.

Atahitajika tena kwa jaribio la mwisho, ambalo mimi huliamini kuliko yote. Tazama ukingo wa mkono kwa ubavu: utaiona mistari ya matabaka. Mstari wa gundi ulio mzima ni mwembamba na una rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja wenu aweke ncha juu ya zulia, upinde ukiwa hauna kamba, kisha akisukume kishikio kidogo sana, ili mkono ujikunje kidogo tu bila nguvu. Mwingine aumulike ukingo. Penye gundi iliyoachia patafunguka na kufumba. Hapo jaribu kupenyeza kipande cha risiti ya supamaketi.

Karatasi isipoingia popote katikati, na sarafu haikupata sauti iliyofifia, basi "tik" ilikuwa ya kamba au ya kijipande cha ncha, na upinde wako unatengenezeka. Ikiingia nchani tu, chini ya kile kijipande, bado unatengenezeka. Ikiingia popote kati ya mkunjo na kishikio, hata kwa upana wa kidole gumba, upinde umestaafu. Wapo watu wanaopenyeza gundi ya epoksi humo, wakabana, wakarudi kupiga shabaha. Mkono ulioachia ukivunjika wakati umevutwa, vipande vinaelekea usoni, na sitamwambia mzazi yeyote ajaribu hilo sebuleni kwake. Hukumu ni hiyo hiyo kwa ufa unaokata mkono kwa upana na kushika ukucha, hasa pale kishikio kinapoisha na mkono kuanza kupinda. Huo umekata nyuzi, na nyuzi zilizokatwa haziungwi kwa gundi.

Ile mistari mingi myembamba ndiyo inayotisha wengi, na mara nyingi haina neno. Mingine iko kwenye vanishi tu: ipanguse kwa maji, na ikipotea kisha ikarudi baada ya kukauka, hiyo ni vanishi ya zamani iliyochoka. Mingine iko ndani ya faibaglasi yenyewe, hasa ile ya miaka hiyo, lakini ukucha ukipita juu yake unateleza. Pinde nyingi za umri huo zinayo na bado zinapiga. Fanya hivi: weka rula kando yake, piga picha leo, uzihifadhi. Utazihitaji baada ya matengenezo. Mstari uliorefuka, au uliokuwa laini ukaanza kushika ukucha, ndio wenye habari mbaya.

Kuhusu shemeji. Hakubuni hayo. Upinde wa babu yake ulikuwa mti mmoja, na mti ukipashwa moto taratibu unalegea, unanyooshwa, unapoa ukiwa umenyooka. Mafuta nayo yanauzuia usikauke na kupasuka. Wakamba wameujua ujuzi huo, na Wata wa Tsavo, waliowinda ndovu kwa upinde na mishale ya sumu, walikuwa na pinde nzito ambazo mtu wa kawaida hapa Nairobi asingezivuta hata nusu. Lakini moto unaolegeza mti huanza kwa kulegeza gundi. Na mafuta ya mbuzi yakiingia kwenye mstari wa gundi, hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo. Kama kuna siku ulitoka nyumbani akabaki peke yake na upinde, mwulize. Akikiri kwamba aliupaka, paoshe pale pa kutengeneza kwa sabuni kisha kwa spiriti kabla ya kazi yoyote. Na digidigi wa Ukambani awaache: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na marufuku haikubagua bunduki na upinde.

Tuseme sasa umepima na katikati ni pazima. Kazi inaanzia kwenye kibanzi. Usikivute. Hicho ni kama kijinyama cha pembeni ya ukucha: ukikivuta hakikatiki, kinachanika kuelekea ndani. Kwa kuwa nyuzi za faibaglasi zinakwenda kwa urefu wa mkono, kibanzi cha urefu wa njiti ya kiberiti kinaweza kufika katikati ya mkono kwa mvuto mmoja wa kijinga. Kiinue kidogo mno kwa ncha ya sindano ili vumbi litoke, pangusa kwa spiriti, acha pakauke. Tone la supaglu ile nyepesi inayotiririka, si ile nzito ya jeli, litaingia lenyewe chini yake mpaka mwisho. Funika kwa kipande cha nailoni ya mfuko ili usigundishe kila kitu, kisha zungushia ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiukaza kiasi. Mpira wa tyubu unabana sawasawa kila upande. Jiliwa la seremala lingeponda.

Ukishakauka, fungua na usugue ukingo kwa msasa wa maji, namba 400 kisha 600. Utaupata kwenye maduka ya vipuri vya magari Kirinyaga Road, wanaouza kwa mafundi wa rangi. Sugua kwa urefu wa mkono, kamwe usikate kwa upana, na uache mara tu pamba itakapopita bila kunasa. Msasa uwe umelowa muda wote na wewe uvae barakoa, maana vumbi la faibaglasi ni baya kwa mapafu na linawasha ngozi. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Kwa usalama zaidi, zungushia hapo uzi imara wa kushonea viatu, mizunguko ikigusana, kuanzia sentimita 1 kabla ya kibanzi hadi sentimita 1 baada yake, kisha uloweshe uzi wote kwa gundi. Utaonekana, na wapo wanaosema unaharibu sura ya upinde wa zamani. Mimi nauona kama kovu la heshima, na ningeufunga.

Kijipande cha ncha kinataka epoksi. Nunua ya mirija miwili, Araldite ya kawaida, ile inayochukua saa nyingi. Ile ya dakika 5 iache dukani. Inakauka kabla hujaisambaza, na si imara kama hii. Usikibandue kijipande chote kama sehemu yake bado imeshika. Safisha chini yake kwa spiriti na kipande cha uzi, changanya mirija sawa kwa sawa, penyeza epoksi kwa kijiti cha kuchokolea meno mpaka itokee upande wa pili. Zungushia selotepu mahali usipotaka gundi ifike. Funga kwa tyubu tena, bila kukaza sana, kwa sababu ukikamua gundi yote itoke hutakuwa umebandika chochote. Kisha uache. Mwezi wa Julai, usiku wa Nairobi ukishuka hadi nyuzi 12 hivi, epoksi inakauka polepole. Ipe siku mbili nzima ndani ya nyumba, na usiisogeze karibu na jiko ili kuiharakisha.

Ikikauka, chunguza mkato ambao kamba inakaa. Mara nyingi pale ndipo penye ncha kali, na ncha kali hukata kamba. Palainishe kwa tupa ndogo ya mviringo, taratibu, kisha msasa. Pale ulipofikia faibaglasi tupu, paka vanishi nyembamba mara mbili. Upinde mzima usiupake upya, na maandishi yale ya mkono usiyaguse.

Kupotoka kwa mkono wa chini usikuhukumu bado. Ile kamba ya nailoni huenda ilikaa upande, na mkono mzima ukaonekana umepotoka. Subiri upate upote wa kweli, yaani kamba ya upinde. Ukishautia, utazame upinde kutoka upande wa tumbo, kamba ikiwa mbele ya jicho lako: inatakiwa ipite katikati ya kishikio na katikati ya kila ncha. Ikiwa kwenye ncha ya chini imesogea kidogo pembeni, upinde ukiwa na kamba yake, pasha mkono huo kwa hewa ya blodrai mpaka kiganja chako kihisi uvuguvugu na kiweze kutulia hapo bila kuungua. Usizidishe. Kisha usokote kwa mikono kuelekea upande wa pili, upite kidogo katikati, ushikilie mpaka upoe. Rudia kesho na keshokutwa. Kupotoka kidogo hurudi hivyo. Ikiwa kamba inatoka kabisa kwenye mfereji wake na kuruka ubavuni, hilo halirudi kwa blodrai, nao usivutwe.

Upote wenyewe uwe wa Dacron, wa upinde ulioandikwa inchi 60; kamba yenyewe hutoka fupi kuliko upinde kwa inchi 3 hadi 4. Kwa pauni 45, nyuzi 14 zinatosha. Muuzaji akikupa nyuzi za kisasa za Dyneema akisema ni kasi zaidi, kataa: hazitanuki, pigo lote linaishia kwenye ncha, na ncha za miaka ile hazikutengenezwa kwa pigo hilo. Wala usiutie kamba kwa kuupitisha kati ya miguu na kuupinda kwa paja, kama wanavyofanya kwenye sinema. Huo ndio mtindo unaopotosha mikono, na pengine ndivyo mkono wako wa chini ulivyopotoka. Kuna kamba maalumu yenye vifuko viwili vya ngozi vinavyovaa ncha; unakanyaga kamba, unainua kishikio, mikono yote miwili inapinda kwa pamoja. Fundi wa ngozi pale Kariokor ukimchorea atakushonea.

Siku ya kujaribu, watoe nje watu wasiosaidia. Anayevuta awe mtu mzima, avae miwani ya kazi, na asisimame mtu mbele wala kando ya mikono. Tia upote, pima kutoka sehemu ya ndani kabisa ya kishikio hadi kwenye kamba: inchi 8 hivi ni sawa kwa upinde huo, zikipungua, sokota kamba ifupike. Uache hivyo saa chache. Rudi na tochi, pamba na zile picha. Kama hakuna kilichobadilika, vuta inchi chache, rudisha taratibu kwa mkono, mara nyingi. Kisha zaidi kidogo. Usiachie hata mara moja bila mshale. Mkisikia "tik" nyingine, popote mlipofika, teremsha kamba polepole, na kazi ya upinde huo iishie hapo. Ukipita salama, mishale iwe mizito, gramu 26 au zaidi kila mmoja. Mishale myepesi sana inakaribiana na kuachia bila kitu.

Nimeliacha swali la Neema nyuma kwa makusudi, kwa sababu jibu langu halitampendeza. Hata upinde ukipona kabisa, si wake. Alama ya 45# ni pauni 45, karibu kilo 20, upinde ukivutwa inchi 28. Neema kwa umri wake pengine anavuta inchi 25, na kila inchi inayopungua inaondoa pauni 2 na kidogo, kwa hiyo kwake utabaki kwenye pauni 38 hivi. Mtoto anayeanza anatakiwa kuwa kati ya 18 na 24. Akipewa mzito ataubeba kwa bega badala ya mgongo, atajifunza kutetemeka na kuachia kabla ya wakati, na bega lililoumia katika umri wa miaka 14 linaweza kumsumbua hadi uzeeni. Namjua mtoto anayetaka kitu cha babu yake. Atakwambia anauweza, na mara tatu za kwanza atauweza kweli.

Mtafutie upinde wa mazoezi unaofunguliwa vipande vitatu, kishikio peke yake na mikono peke yake, wa pauni 20 hivi. Akikua na kupata nguvu unabadilisha mikono tu, kishikio kinabaki. Aina hiyo, ile ya mikono inayobadilishwa, ndiyo wanayotumia kwenye Olimpiki. Shehzana Anwar, Mkenya aliyelenga shabaha Rio mwaka 2016, ndiye aliyebeba bendera yetu kwenye ufunguzi wa michezo hiyo. Mwonyeshe Neema hiyo, huenda akaona kuna njia nyingine kando ya kabati lenu.

Wa babu mwekee misumari miwili ukutani, mmoja kila upande wa kishikio, ulale, usiwe na kamba, mbali na dirisha lenye jua na mbali na paa la mabati. Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa saa moja. Akifika miaka kumi na minane na kuvuta pauni 40 bila kutetemeka, mtauzungumzia upya.

Lakini hayo yote yanasubiri ile karatasi. Ukishaipenyeza, niandikie imeingia wapi na kwa urefu gani, na kama sarafu ilisikia kitu. Mpime pia Neema: anyooshe mikono yake yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kile cha mkono wa pili, gawanya kwa 2.5, upate takriban urefu anaovuta. Niandikie hesabu hiyo kwa inchi, nikuambie mikono ya pauni ngapi ya kuulizia dukani.